Sifuri Zangu Ukutani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeingia! Mimi, niliyeachia shule darasa la tatu, nimeingia kampuni kubwa ya kompyuta kwa mlango wa mbele. Fomu alijaza mjukuu wangu. Walitafuta wanagenzi wa umri wowote, waliosoma kidogo, waje kujifunza kazi. Nikamwambia mjukuu sikusoma kidogo, nilisoma haraka.

Nimepewa kadi yenye picha yangu. Unaigusisha mlangoni, mlango unalia tii! na kufunguka wenyewe. Miaka ishirini na sita nilifua mashuka ya hoteli. Kila mlango nilibisha hodi, na mingine haikufunguliwa. Leo mlango mmoja nimeupita mara tisa. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ashughulike na yake.

Viti vinazunguka. Maji ya moto yanatoka ukutani, ya baridi ukutani hapohapo. Choo kinajimwagia maji chenyewe ukiinuka! Nilikitukana kwa mshtuko, kisha nikakiomba radhi. Mahali pa heshima pale.

Msimamizi wetu ni binti mdogo, suruali imetoboka magoti yote mawili. Akaniita kwa jina langu tupu, akasema hapa wote ni sawa. Nikamuuliza, sawa na nani? Sasa ananiita Bibi na kuniamkia shikamoo. Siku moja tu na kampuni nimeshainyoosha.

Tuko wanagenzi wawili. Mwenzangu ni mwalimu mkuu mstaafu, miwani minene kama kitako cha chupa. Nimemwita Mzee Miwani. Ijumaa mmoja wetu atabakishwa mwaka mzima. Mwingine atarudisha kadi.

Kadi hii sirudishi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazi yenyewe ndiyo hii. Kuna simu inayozungumza. Unaiuliza, inajibu kwa sauti ya msichana aliyelelewa vizuri. Niliigeuza nyuma. Hakuna mtu. Ikikosea, unabonyeza kitufe chekundu mezani na kulisema kosa. Kosa linajiandika lenyewe ukutani, kwenye skrini pana kama kitanda cha watu wanne, chini ya jina lako. Kila mtu anasoma.

Mimi si mjinga. Nani ataajiri mtu mwenye makosa ukutani? Shuleni kwetu kosa moja lilikuwa kiboko kimoja. Basi mkakati wangu: naiuliza mambo mepesi, naisifu, kitufe sikigusi.

Niliiuliza jua linachomoza wapi. Ikajua! Niliiuliza saba mara nane. Ikajua, mimi mwenyewe nikahakikisha kwa vidole. Nikaiuliza maharage makavu yanachemka muda gani, ikasema dakika kumi. Dakika kumi! Nyumbani kwangu mtu angeyavaa kichwani. Nikameza mate. Nikasema asante mwanangu.

Kufika jioni, Mzee Miwani makosa kumi na manane. Mimi sifuri, imeng'aa kama yai. Msimamizi akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama kitufe changu kinafanya kazi. Wivu huo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimemmaliza Mzee Miwani. Alipokwenda kunywa chai nilikaa mezani kwake, nikabonyeza kitufe chake, nikamtwika makosa yote ya simu yangu: maharage na mengine sita. Akafika arobaini na nane. Shauri yake, nani alimtuma chai?

Saa kumi jioni wote wakakusanyika. Msimamizi akagonga kengele, Mzee Miwani akasimamishwa katikati, wakampigia makofi. Msimamizi akasema lile la maharage ndilo kosa tamu kuliko yote wiki hii. Makofi hayo nayajua. Mwizi akikamatwa sokoni watu hupiga vilevile. Mzee wa watu anatabasamu! Kaikaza shingo, aibu kaimeza. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Kisha msimamizi akanichukua peke yangu. Labda aliniona mnyonge. Akasema twende nikuonyeshe simu inakofikiria.

Mlango ulipofunguka nilijikuta nimesema hodi.

Makabati meusi, marefu kuliko mtu, safu kwa safu mpaka macho yakachoka. Taa ndogo za kijani zinapepesa. Baridi. Na mvumo, kama mvua kubwa juu ya bati, ila haipungui. Msimamizi akaniambia kila neno ninaloiambia simu linafika humu, linatafutiwa jibu, jibu linarudi kabla sijafumba mdomo. Akaniruhusu niguse. Nikaweka kiganja. Vuguvugu, kama paji la mtoto aliyelala.

Nikamkumbuka mama yangu, aliyeweka dole gumba kwenye kila karatasi maisha yake yote. Nikalibandika langu pale. Dakika nzima. Mjukuu hataamini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimejiharibia.

Asubuhi mjukuu aliniambia, Bibi, hao wanayataka makosa, kuyatafuta ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia anywe chai yake anyamaze, mtoto ambaye hata soksi zake zinamshinda kuoanisha. Nikaenda kazini na mkakati wangu uleule.

Nikaitaka simu inikumbushe siku ya kurudi kliniki ya macho. Nikaanza kueleza. Nikavuta pumzi, ikanikatiza. Nikaanza tena, nikavuta pumzi, ikanikatiza. Mara ya tatu ikasema haijanielewa, niguse alama iliyo juu kulia.

Alama gani? Juu ya nini?

Hapo nikafura. Wewe, unamkatiza bibi yako? Nikipumzika hujui nimepumzika, unadhani nimekufa? Huamkii. Unaropoka mbio kama unafukuzwa. Unamwambia mtu wa macho mabovu asome alama! Unasema "kama ujuavyo". Kama ningejua ningekuuliza? Nani alikulea? Na maharage dakika kumi, utaua watu! Nilisema nusu saa nzima na kijasho kikatoka. Nilisikia raha, siwezi kudanganya.

Nilipogeuka, ofisi yote imesimama. Kiwiko changu kilikuwa juu ya kitufe chekundu muda wote ule. Sifuri yangu imekufa. Thelathini na saba! Na kila neno limo, hata "nani alikulea".

Nikalowanisha pembe ya mtandio kwa mate, nikaenda kufuta ukuta. Haufutiki. Kioo kikaingia ukungu tu, na maneno yananitazama.

Kadi nimeificha kwenye sidiria. Anayeitaka na aje aichukue.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kengele ikagongwa. Zamu yangu kusimama katikati. Makofi! Nikainua kidevu, nikakaza shingo kama Mzee Miwani.

Akaja mkubwa wa wakubwa. Amevaa ndala! Mtu mwenye jumba zima, na ndala. Akasema miaka miwili walikuwa hawaelewi kwa nini wazee wanaizima simu ile na kuitupa kabatini. Kumbe haiwaachi wavute pumzi. Akasema wameirekebisha tangu jana, nijaribu.

Nikaiambia, mwanangu, nataka... Nikavuta pumzi. Nikalitafuta neno. Kimya. Nikavuta nyingine. Kimya.

Ilikuwa inaningoja.

Makabati yale yote, na mvumo wake wote, yamesimama kunisubiri mimi nipate neno. Mwalimu wangu hakunisubiri. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunisubiri hata mlangoni. Macho yakalowa. Nikasema ni vumbi, mtu mmoja akanijibu humu hamna vumbi. Nikamkata jicho.

Wamenibakisha mimi! Mwaka mzima! Mzee Miwani akanipa mkono, akasema amefundisha miaka thelathini na hakuna mwanafunzi aliyemsubiri avute pumzi. Akaninong'oneza kwamba maharage alijua si yake. Akaiweka kadi mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Moyo ukaniuma. Nikamshauri, kwa nia njema kabisa, huko aendako apunguze makosa.

Akanitazama kupitia vile vitako vya chupa, akacheka mpaka akashika meza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepumzika, nimewaza vizuri.

Msimamizi alinieleza mara tatu kwamba nimebakishwa kwa sababu ya yale makaripio. Binti mwenye adabu huyu! Hataki kunitamkia kwamba wamenisamehe. Mimi nimeelewa. Zile sifuri za siku mbili ndizo zilizoniokoa. Waliona huyu mama kimsingi ni mpole, Alhamisi alipitiwa tu.

Nimemweleza mjukuu. Ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, ameenda kusimama uani. Vijana hawana nguvu siku hizi.

Jumatatu naanza upya. Sikaripii kitu. Nimeshona kifuniko cha kitufe chekundu, kitambaa kizito, uzi mara mbili, nimetia na vifungo vinne ili kiwiko kisije kikaniponza tena.

Mwaka mzima, sifuri tupu. Nimeijaribu kadi kwenye mlango wangu wa jikoni. Haujalia, lakini nimeingia.