Niitwe Thorough

Jumatatu, 4 Machi 1968

Leo bosi kamsifu Joram, mwenzangu wa kazi, mbele ya ghala zima: eti ni mtu "thorough". Mimi ninayefika kazini kabla yake, sikutajwa. Nikamuuliza jirani yangu, mwalimu Gordon, maana yake. Akasema ni mtu asiyeacha kazi nusu, anayefika hadi kwenye kona. Husemwa hata juu ya usafi au upekuzi. Basi ndiyo sababu Mama Milka, mwenye nyumba wetu, humwalika Joram chakula kila Jumapili! Tangu nitoke Nyeri naishi mtaa huu wa Manyatta, ukuta mmoja na meza yake, nasikia vicheko tu. Nataka kiti pale.

Jumatano, 6 Machi

Nimefagia ua wote. Thorough kabisa. Nimeng'oa hadi majani kando ya bomba. Jioni Mama Milka kaniambia yale yalikuwa miche ya dek, mboga yake. Akanitazama sana, akauliza huwa nakula na nani. Nikasema peke yangu. Akasema nije Jumapili. Mbinu imefaulu.

Jumapili, 10 Machi

Samaki mzima, kichwa kimenielekea. Kwetu hatuli samaki, lakini mtu thorough hashindwi. Nikatoa mifupa mmoja mmoja, nikaipanga kando. Kichwa, na macho yake, nikampa paka. Watoto walinikodolea macho bila kugusa ugali. Nilidhani wanavutiwa. Joram akaninong'oneza kwamba hapa hakuna anayekula kabla ya mgeni, na kwamba kile kichwa niliwekewa kwa heshima. Nikamjibu bado sijamaliza upande wa pili wa samaki. Ugali ukapoa. Mama Milka akasema hakuna neno. Hakusema nirudi.

Jumanne, 12 Machi

Joram kanishauri nimwombe Mama Milka radhi mara moja tu, kwa maneno machache. Wivu huo. Nimeomba radhi thorough: bombani, sokoni, mlangoni pa kanisa la mtaa alipokuwa akifagia. Jioni nikabisha kwake niombe tena. Akazima taa.

Jumapili, 17 Machi

Sikuitwa. Wanacheka ng'ambo ya ukuta, Joram kuliko wote. Inauma, sifichi. Lakini kosa nimelijua: nilikawia kwa kukosa mazoezi. Nimenunua samaki wangu, ngege kama yule, nimemchambua, hakubaki mfupa hata mmoja. Nimemla peke yangu. Jumapili ijayo nitabisha hodi mapema, kabla hawajaketi, niwachambulie wote.