Kwa Marubani Mliogoma Nikiwa Nimekwisha Kuungama

Kambi ya Nakivale, Isingiro
Jumanne, 21 Oktoba 2014

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Marubani,
Mahali popote mnapokaa wakati hamruki.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MGOMO ULIOANZA SIKU NNE BAADA YA MIMI KUSEMA KILA KITU

Ndugu Mwenyekiti,

Ninaitwa Vanessa, nina miaka kumi na sita, binti wa Anselme fundi wa kushona na Mama Apolline. Kwa kawaida siwaandikii watu nisiowajua, na hata ninaowajua siwasemeshi sana. Kwenye kwaya nimesimama mstari wa nyuma miaka mitatu, na wapo wanaosema ninafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Hawajakosea.

Nilianza shule kwa Kifaransa kule Uvira, nikaendelea kwa Kiingereza hapa Uganda, kwa hiyo majirani wakipata barua ya Kiingereza wananiletea mimi niwasomee. Hili la barua naomba ulishike. Nitalirudia, ingawa ningependa nisilirudie.

Kwetu hapa, familia ikiona jina lake kwenye orodha ya ubaoni Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kwamba inasafirishwa kwenda kuishi ng'ambo, inafanya mambo mawili. La kwanza inagawa vitu vyake, kwa sababu Kanada hakuna anayeenda na godoro. La pili, Jumapili ya mwisho, kila mmoja anasimama mbele ya kanisa na kuomba msamaha kwa watu aliowakosea, kwa majina na kwa makosa. Mchungaji Nehemiya hutueleza kwamba ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu za sanduku, lakini deni la moyoni hairuhusu hata gramu. Basi watu husema ukweli wote, kwa kuwa siku chache baadaye mwenye ukweli atakuwa hayupo. Ni utaratibu mzuri sana. Una sharti moja tu: lazima mtu aondoke.

Mimi niliungama tarehe 5. Tarehe 9 tukapanda basi, wanawake wakilia. Tulipita Kaberebere, tukafika Mbarara, basi likasimama Kakoba ili watu wanywe chai. Kiongozi wa safari akapigiwa simu. Alisikiliza, akavua kofia, akatuambia, "Pole sana bandugu, marubani bamegoma." Tuligeuzwa palepale. Saa kumi tulikuwa tumerudi, na majirani walikuwa bado wanakula wali wa kutuaga. Mama Chantal alishika tonge hewani akauliza, "Eh! Kanada iko karibu vile?"

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Vitu vyetu. Sufuria kubwa tulimpa Mama Chantal, jirani wa mlango wa pili. Sasa kila mchana mama anakwenda kuiazima. Mara ya kwanza alipewa kwa kicheko. Mara ya nne Mama Chantal alimwambia, "Mama Vanessa, usiiunguze, ni kitu ya batu." Ndugu Mwenyekiti, mama yangu amepikia sufuria hiyo miaka sita. Tundu la pembeni aliliziba yeye mwenyewe. Aliitikia, "Nitaichunga, mama," akaja nyumbani akakaa juu ya sanduku. Viti pia tuligawa.

2. Baba yangu. Cherehani yake alimwachia Elisée, kijana aliyekuwa anajifunza kazi kwake. Siku tuliporudi Elisée alisema, "Baba Anselme, karibu, tutasaidiana." Wiki ya pili akabandika karatasi ukutani yenye siku na saa. Baba anashona Jumatatu na Jumatano, mchana tu, vifungo na pindo, suruali hapana. Baba aliomba angalau waandikiane mkataba. Elisée akajibu kwamba ataangalia kwanza mwenendo wake wa kazi. Tangu siku hiyo baba, akisikia habari zenu redioni kwa jirani, anapiga paja: "Hawa marubani banasema kweli kabisa!" Mmenichukulia hata baba. Yeye ni mhanga wa mgomo wenu na anawaunga mkono, na nyumbani mtu wa kuwalaumu ninyi nimebaki mimi peke yangu.

3. Kuagwa. Tumeagwa mara tatu sasa, maana mliporudi mezani na wakubwa wenu tuliambiwa tujiandae, na mlipotoka mezani tuliambiwa tukae. Mara ya kwanza kwaya iliimba nyimbo nne. Mara ya pili iliimba ubeti mmoja, na Mchungaji akaomba sala iwe fupi kwa sababu ya mawingu. Hapakuwa na mawingu. Mara ya tatu watu walitupungia mkono wakiwa shambani bila kunyoosha mgongo, na mmoja akapaza sauti, "Mukirudi mupitie na chumvi!" Mdogo wangu Bienvenu, ambaye tangu tarehe 9 amekataa kuvua koti la baridi, alimjibu, "Ya ngapi?"

4. Ratiba na mikataba yenu. Nisije nikaonekana sijui mnacholalamikia. Pale Kakoba nilisoma gazeti lote begani kwa mwendesha boda boda, naye alikuwa msomaji wa polepole, nikapata muda wa kutosha. Mnasema ratiba inabandikwa kwa kuchelewa na inabadilishwa bila ninyi kuulizwa. Sisi ratiba yetu imechelewa miaka tisa, na ilipobadilishwa tulikuwa na chai mdomoni. Mnasema mnapewa mikataba ya miezi sita sita bila kujua mwakani mtakuwa wapi. Sisi tulipofika Nakivale mwaka 2005, baba alisema tusifungue kila kitu, tunakaa wiki mbili. Bado kuna mfuko mmoja haujafunguliwa. Mnasema rubani aliyechoka ni hatari kwa abiria. Hapo nakubaliana nanyi, sitabisha. Lakini nauliza kwa adabu: abiria aliyechoka kuagwa, yeye ni hatari kwa nani?

5. Mwalimu Kizito. Huyu anatufundisha hesabu, ni mtu wa Kabingo. Kwa kuwa anaheshimu mila zetu alikuja kanisani siku ile, na mimi mbele ya watu nikamkiria kwamba mtihani wa muhula wa kwanza niliangalizia kwa Chantal, binti wa jirani yetu, na wa pili pia, na kwamba mimi ndiye niliyemchora ubaoni ana masikio ya mbuzi. Alicheka, akanipa mkono, akaniombea safari. Jumatatu iliyofuata aliingia darasani akanikuta dawati la mbele. Aliweka chaki mezani. Kisha akasema, "Wewe Vanessa! Si ulisema unakwenda? Mimi nilisamehe mutu ya Kanada. Hii ya hapa sijasamehe." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Sasa kila mtihani nakaa peke yangu chini ya dirisha, na wakati wa kupita ananisimamia akiwa ameshika masikio yake.

Haya matano ningeyavumilia. Nimezoea kunyamaza. La sita ndilo limenitoa kwenye mstari wa nyuma.

6. Bibi Kabanyana. Anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mjukuu wake Ishema alichukuliwa na shangazi yake kwenda Australia akiwa na miaka minne, akakulia huko, Kiswahili kikamtoka na lugha ya nyumbani nayo ikamtoka. Anaandika kwa Kiingereza. Bibi hajui kusoma lugha yoyote. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilikuwa namsomea.

Ndugu Mwenyekiti, barua za Ishema zina mistari mitatu. Hajambo, shule ni nzuri, wana mbwa. Inayofuata: hajambo, shule ni nzuri, mbwa amekua. Sio mtoto mbaya. Ni mtu anayemwandikia mtu asiyemkumbuka. Ya kwanza niliisoma ikaisha kabla Bibi hajamaliza kukaa vizuri kwenye mkeka. Aliniangalia, akauliza, "Njo ile tu?" Nikamwambia, hapana Bibi, kuna ukurasa wa pili.

Hapakuwa na ukurasa wa pili. Nilimsomea kwamba Ishema amekitunza kipande cha kitenge alichobebewa mgongoni. Barua iliyofuata Ishema aliulizia ng'ombe yule wa kahawia mwenye pembe moja. Iliyofuata alisema kwamba kila akiosha vyombo anaimba ule wimbo wa kumbembeleza, ila maneno ya mwisho yamempotea, na Bibi akayaimba palepale ili niyaandike nimpelekee. Mimi ambaye siwezi kumwambia mtu habari za asubuhi bila kuangalia vidole vyangu vya miguu, nilikuwa naongea nusu saa bila kusimama, nimeshika karatasi ya mistari mitatu. Bibi alikuwa akisema, "Rudilia apo fasi ya ng'ombe." Nilirudia sehemu ya ng'ombe. Wanawake wote wa bombani walijua kuwa hakuna mjukuu kama Ishema.

Tarehe 5 nilisimama nikasema, "Bibi, barua za Ishema ni fupi. Mengine yote niliyatia mimi." Bibi alijibu, "Nenda na amani," kama utaratibu unavyotaka, akachukua fimbo yake akatoka kabla ya sadaka. Nililia, lakini nilijiambia: siku nne tu, Vanessa, siku nne, halafu ndege.

Ndege haikuja. Sasa Bibi Kabanyana, ambaye anaumwa magoti, anakwenda bombani kwa njia ndefu ya kuzunguka kinu cha kusagia ili asipite mlangoni kwetu. Barua ya kumi na mbili imefika. Hajampa mtu yeyote aisome. Anatembea nayo, ameifunga kwenye pindo la kitenge, na akiinama kuchota maji naiona kona yake. Mnajua nini kuhusu kuchoka ninyi? Mimi nimechoka kwa kuona kona ya bahasha.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba yafuatayo, na ninaamini ni ya haki.

Kwanza, kazini mrudi mara moja, hata kama ratiba ni mbaya, hata kama mkataba ni wa wiki. Pili, katika mkataba wowote mtakaotia sahihi, kiwekwe kifungu kwamba rubani hawezi kugoma kuanzia Jumapili ambayo abiria wake wameungama mpaka watakapotua. Tatu, shirika lenu litoe tangazo, lenye muhuri, kwamba maungamo yote yaliyofanywa kwa kutegemea safari iliyoahirishwa hayahesabiki, na kila aliyeyasikia ayarudishe kwa mwenyewe. Nne, ikiwa hayo ni magumu, basi mmoja wenu, akiwa na kofia yake na mistari ya dhahabu mabegani, aje Nakivale Jumapili yoyote, asimame mbele ya kanisa letu aombe msamaha kwa Mama Apolline kwa ajili ya sufuria, kwa Anselme kwa ajili ya vifungo, na kwa Bibi Kabanyana kwa ajili yangu. Asiogope, sisi husamehe. Ila namshauri asiungame chochote kabla hajahakikisha usafiri wa kurudi.

Na ikishindikana yote, njooni mnichukue mimi peke yangu. Uwanja wa mpira ni mrefu kiasi, na nitawaomba wenye mbuzi wawaondoe. Sina mzigo. Kila kitu nimekwisha kugawa, hata yale yasiyogawika.

Wasalimie marubani wote, wake kwa waume. Wasalimie wahudumu wanaogawa chakula angani, ambao nimesikia wao hawakugoma, na wakubwa wenu mliogombana nao, maana nao wana watoto. Baba anawasalimu sana, anasema msilegeze. Mimi sisemi hivyo.

Ni mimi niliyebaki chini,
Vanessa, binti wa Anselme

N.B. Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imefungwa tayari, nimeifungua tena. Ni Alhamisi sasa. Jana ofisi ilibandika kwamba mmeelewana na wakubwa wenu, mnatia sahihi kesho, na sisi tunasafiri Jumatatu.

Jana hiyohiyo, mchana, Bibi Kabanyana aliingia kwetu bila kupiga hodi. Hakuja kwa njia ya kinu. Aliweka barua zote kumi na mbili juu ya sanduku, akakaa juu ya lingine, akasema, "Weye mutoto, soma. Kwanza ya yeye, halafu ya weye." Nilisoma ya kwanza, mistari mitatu. Kisha nikaisoma ile yangu. Alisikiliza zote mbili kichwa akiwa amekiinamisha upande. Akasema, "Ya yeye nitaiweka mu Biblia. Ya weye iko wapi?"

Nikamwambia yangu haina karatasi, iko mdomoni tu. Nilitaka kumwandikia. Akacheka. "Uniandikie, halafu nani atanisomea? Weye uko unaenda. Sema mpaka niishike."

Basi ndiyo kazi tunayofanya. Mimi nasema, yeye anarudia, akikosea tunaanza upya. Fasi ya ng'ombe ameishika kabisa, na ameongeza kwato ambazo mimi sikuziweka. Ya kumi na mbili bado imefungwa; hiyo amesema nimsomee kilichoandikwa tu, na tumeiacha ya mwisho.

Kwa hiyo nimeufikiria upya mkataba mliopewa. Ni mbaya sana. Ratiba ile haifai hata kidogo, na miezi sita ni matusi kwa mtu mwenye taaluma. Baba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nawaomba kwa unyenyekevu, kesho mkikaa mezani, kalamu msiiguse. Tumefika barua ya tatu.