Taa Iliyovaa Pete

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Taa ya ngazini imevaa pete! Nyekundu nje, samawati ndani. Nimefumba macho, nimefumbua. Bado ipo. Kenneth, karani mwenzangu katika ghala la viungo la Bwana Abdeali, ameuliza mbona nina sura ya maiti aliyesahau kuzikwa. Nimesingizia baridi. Hataambiwa kitu, anaitamani meza yangu, iliyo mbali na magunia ya pilipili.
Pua shwari. Dawa yangu ya kupuliza puani, mwaka wa tatu sasa, haijaniangusha. Daktari alisema mara moja kwa siku. Mimi, kwa tahadhari, hupuliza asubuhi, adhuhuri na jioni.

Jumanne, 6 Agosti
Nimemweleza Bi Khatija, mwenye nyumba. Akaweka kikombe chini. Akasema chumbani mwangu alikaa mshona kofia, naye alianza hivyo hivyo, kwa kuona pete. Jini alimpanda, mwishowe akawa anashona hewa. Nikauliza alihamia wapi. Akasema, nani kakwambia alihama, mwanangu?
Amenipa ubani nifukize. Moshi umeniziba pua kabisa. Nimeongeza dawa.

Jumatano, 7 Agosti
Pete zimezaliana! Kila balbu ghalani inayo. Bwana Abdeali amesimama chini ya taa, kichwa kimezungukwa na nuru. Nimemwamkia mara mbili, kwa unyenyekevu. Akauliza nimevunja nini.
Hila mpya: miwani ya jua, jini asinione macho. Nimeparamia mizani. Kisha nimeandika iliki kwenye gunia la bizari. Kenneth akasema, Thoya, andika kwa pua, ndiyo inayofanya kazi.
Ubani tena. Pua tena. Dawa tena.

Alhamisi, 8 Agosti
Ukungu machoni tangu asubuhi. Barazani mtu ameinama, mkono unapanda na kushuka. Anashona hewa! Nimepiga yowe. Alikuwa Bi Khatija, anatia kifungo. Akauliza, kwani hunioni?
Swali hilo limenitisha kuliko jini. Karani kipofu ni karani wa nini?

Ijumaa, 9 Agosti
Nimekwenda Makadara kwa Dakta Nanjala, mtaalamu wa macho. Nilipanga kutoitaja dawa, asije akaninyang'anya. Amepima presha ya macho. Iko juu. Akauliza natumia dawa gani. Hakuna, nikasema. Nikapiga chafya. Kichupa kikaruka kutoka mfukoni, kikabingirika hadi kwenye kiatu chake.
Akakisoma. Akasema ina steroidi. Kwa kipimo sahihi, wengi haiwadhuru. Lakini ukiizidisha miaka mingi, kuna macho ambayo presha hupanda polepole, bila maumivu, na uwezo wa kuona huliwa kuanzia pembeni. Kinachopotea hakirudi. Akasema nimewahi, taa ndiyo iliyoniokoa, si ubani. Amenipa matone ya macho, nirudi kupimwa, na pua nisiipulizie zaidi ya nilivyoandikiwa. Nimeapa.

Jumamosi, 17 Agosti
Pete zimetoweka! Naona hadi kovu la kidevuni mwa Kenneth. Nimewaza kwa makini. Matone yanalinda macho. Macho yakiwa na mlinzi, pua ina kosa gani? Tangu Jumatatu napuliza mara nne, kwa tahadhari.
Jioni hii taa ya ngazini imevaa pete tena, nyembamba. Chini yake mtu ameinama, mkono unapanda na kushuka. Bi Khatija amekwenda sokoni.
Kesho, ubani.