Dawa ya Kwato kutoka Uholanzi

Ng'ombe wa Wakonyo alipotoka zizini akichechemea, watu wa Gitothua waliona msiba. Jeconia aliona mahari.

Babake Nelima, mchumba wake, alikuwa ameshasema: binti hatoki bila mtamba wa gredi, wa damu ya kizungu. Na Jeconia, aliyefukuzwa shamba la mzungu pale Ruiru kwa kulala ndani ya majani ya ng'ombe, hakuwa na hata kuku. Alikuwa na ulimi, koti la kaki lenye kalamu mfukoni, na chupa ya maji yaliyotiwa bluu ya kufulia nguo.

"Mama, hiyo ni kuoza kwato," alisema, akikunja uso kama daktari wa serikali. "Inaambukiza. Leo huyu, kesho zizi zima. Na mvua ndiyo hii imeanza."

Wakonyo alikuwa mjane, na mali yake yote ilisimama juu ya kwato. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa kwato."

Cheo hicho kilimwaibisha hata yeye, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Dawa hii imetoka Uholanzi. Unamwaga kwa lile birika la maji hapo mlangoni, ng'ombe anakanyaga humo akipita, ugonjwa unahama. Pesa sitaki. Nataka yule mtamba wako pale tu."

"Ati mtamba." Wakonyo aliipokea chupa, akaitikisa. "Sawa. Mvua ikiisha na hakuna anachechemea, chukua. Akichechemea hata mmoja, tutaenda kwa chifu, wewe na chupa yako."

Mtu mwenye akili angeaga hapo. Jeconia alimfikiria Nelima, akatoa mkono.

Mvua ikanyesha kama iliyolipwa. Zizi likawa uji. Kwato zilipendeza kwa rangi ya bluu na zikaendelea kunuka, kisha ng'ombe wa pili akaanza kuchechemea. Hapo Jeconia akatambua, kwa huzuni kubwa, kwamba uongo wake hauwezi kusimama bila kuegemea ukweli kidogo. Bahati yake, kule kwa mzungu alilala masikio wazi. Akawatenga wagonjwa. Akazoa samadi, akabeba kokoto na kuzimwaga palipotuama matope, akasugua katikati ya kwato kwa brashi, akachonga zilizorefuka. Ng'ombe mmoja alimpiga teke mahali ambapo angepahitaji sana baada ya harusi. Kisha akauza koti, akaenda Thika dukani kwa Yusuf.

"Mrututu? Dawa yenyewe ya kwato?" Yusuf aliacha mizani ikining'inia. "Wewe? Wa kweli? Bwana Jeconia, unaumwa?"

"Biashara imeharibika," alisema Jeconia. "Nimelazimika kuwa mwaminifu."

Akawa anautia mrututu, nao ni wa bluu vilevile, ndani ya birika alfajiri, kwa siri, kama mwizi anayerudisha kitu.

Mvua ikaisha, na hakuna aliyechechemea. Jeconia akaja na kamba. Wakonyo alikuwa uani na majirani, wakinywa chai.

"Nimekuja kuchukua wangu, mama."

"Ni ile dawa ya Uholanzi imewaponya?"

"Ni hiyo."

"Nusu ya ile mimi nafulia shuka tangu uilete. Zimetakata sana."

Majirani wakainamia vikombe. Jeconia alitafuta uongo wa kumfaa na, kwa mara ya kwanza maishani, hakuupata.

"Basi ni mrututu," alisema. "Nimenunua mwenyewe. Na kokoto, na kusugua, na hii mikono, iangalie."

"Kumbe ni mrututu na kazi. Hiyo tungepatana mshahara. Mtamba tulipatania chupa."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Kijana, mimi nimefua nguo za wazungu miaka mingi. Kwato sijui, lakini bluu naijua. Nikasema, wacha nione huyu mwongo anamtaka mtamba kiasi gani."

Jeconia akaelekea langoni na kamba yake tupu. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa, wakajipanga wenyewe mbele ya birika. Wa kwanza alimtazama, akainua mguu, akangoja.

Akasimama. Akaweka kamba chini, akaokota brashi.

"Huo mshahara, mama," alisema bila kugeuka, "unahesabiwa kutoka lini?"

"Kutoka leo," alisema Wakonyo, akijimiminia chai. "Siku zile zingine ulikuwa unauza dawa."