Mparachichi Uliolala Karibu na Mfongo

Jumatatu, 7 Aprili 1975
Upepo wa alfajiri umeangusha mparachichi wa mama mkwe. Haukukatika. Umelala ubavu, mizizi ya upande mmoja iko nje, ya upande wa pili bado imeshika udongo. Nashukuru haukuigusa nyumba. Mama mkwe yuko Hedaru kwa binti yake, atapanda mlima Jumapili, maana Sabato hasafiri. Alipoondoka alisema ananiachia mti na mwanawe, ila mwanawe anajua kujitunza. Mwanawe, Rubeni wangu, yuko kwenye mkonge hadi mwisho wa mwezi. Nina siku sita, mtoto mgongoni na jembe moja.

Jumanne, 8 Aprili
Nimejaribu kuuinua kwa kamba ya mbuzi. Kamba imekatika, nikakaa kwenye tope. Esta, mkubwa wangu wa miaka minne, amecheka mpaka nikamnyima chai. Kisha nikampa. Bwana shamba alipita akielekea Myamba. Amesema mti utapona ukiinuliwa kabla mizizi haijakauka, upunguzwe matawi, uegemezwe nguzo tatu. Watu wanane, akasema. Nimefunika mizizi kwa majani ya migomba. Namshukuru. Lakini watu wanane nawatoa wapi? Kila nyumba ina migomba yake iliyoangushwa na upepo.

Jumatano, 9 Aprili
Akili imenijia nikinyonyesha. Mti ni wa nyumba yetu, lakini mfongo, mfereji wa maji ya mashamba, ni wa wote. Ukiziba, pembe ya msaragambo inapigwa, na kila nyumba inatoa mtu wa kazi, hakuna udhuru. Kilele cha mti kiko hatua tatu tu kutoka mfongoni. Si niliambiwa nipunguze matawi? Nimekata makubwa mawili, nikayaburuta, nikayalaza majini kana kwamba yalifika yenyewe. Jioni akaja Mzee Melkizedeki, balozi wetu wa nyumba kumi. Nikampa shikamoo nzito. Aliitikia, akayatazama matawi, akauliza kama upepo huo ulikuja na panga. Nikasema pepo za mwaka huu ni kali.

Alhamisi, 10 Aprili
Pembe imelia. Wamekuja watu ishirini na wawili, nikabandika makande nikishukuru. Ndipo balozi akatangaza: mti unaozuia maji ya wote ni wa wote, ukatwe, kuni ziende shuleni. Jirani yangu Rogathe alikuwa na shoka, tena limenolewa. Nikakaa juu ya shina na mtoto mgongoni, nikasema waanze na mimi. Rogathe akasema mke wa Rubeni anaupenda ujamaa wakati wa kuinua, wakati wa kugawana anaukalia. Walicheka wote, na mimi kidogo. Ikabidi niseme kweli yote, na panga nikalileta. Mzee akauliza kwa nini sikwenda tu kuomba. Akanitoza faini: nisafishe mfongo wiki mbili. Kisha akavua koti, akawaita kwenye kamba. Wa kwanza kushika alikuwa Rogathe. Saa nne mti ulikuwa umesimama. Nimelia. Nikawaambia ni moshi.

Jumapili, 13 Aprili
Mama mkwe amefika. Nimemweleza mwenyewe, kabla Rogathe hajamweleza kwa madoido. Ameuzunguka mti, amezitikisa nguzo zote tatu, akasema tumeunyoa kama kichwa cha mlevi. Halafu akanipokea mtoto, akaniambia nikalale. Nimelala saa mbili nzima, mchana kweupe. Tangu nijifungue sijapewa zawadi kubwa hivyo. Mungu awabariki wote, hata Rogathe. Nimejifunza: mtu akiwa na shida aombe waziwazi, watu wana moyo.

Ila nilipoamka nimeona paa la jiko linavuja, na kumwomba Mzee Melkizedeki mara mbili wiki moja ni aibu. Sasa, darasa la kisomo cha watu wazima linakaa nje, na masika ndiyo haya. Kesho nitawakaribisha jikoni kwangu, kwa moyo mweupe. Madaftari yao yakishalowa mara moja, kijiji hakitakosa kuezeka.