Rubani Bora na Samaki wa Dorca

Jumatatu, 3 Machi
Bunge letu la wananchi limechafuka! Spika amehamia Kisian na kiti chake kiko wazi. Kiti chenye egemeo! Sisi wengine hukalia benchi mbele ya kibanda cha samaki cha Dorca, ufukweni, tukibishana mpaka sauti zikauke. Dorca ndiye mwamuzi, kwa kuwa benchi ni lake. Hoja: katika Vita vya Pili, marubani wa kivita wa nchi gani walikuwa stadi zaidi? Atakayeshinda Ijumaa atakalia kiti.

Nikasimama na Ujerumani. Bingwa wao aliangusha ndege zaidi ya mia tatu. Wa Marekani, arobaini tu. Hesabu haidanganyi! Wechuli, muuza miwani, mpinzani wangu wa kudumu, akasema Mmarekani akishaiva alirudishwa nyumbani kufundisha wengine, ilhali Mjerumani alirushwa mpaka afe. Eti ile mia tatu ni kipimo cha uchovu. Makofi! Hata Dorca alipiga, unga mikononi. Iliniuma sana.

Jumanne, 4 Machi
Nimehamia Ufini. Akili nyingi! Wafini walichukua vindege ambavyo Wamarekani wenyewe walividharau, wakawatandika Warusi navyo. Tena nani hapa Kisumu anaijua Ufini? Nani atanipinga? Wechuli akaniomba kwa upole nimwonyeshe Ufini kwenye ramani ya simu. Nikamwonyesha bila kusita. Ilikuwa Aislandi.

Jumatano, 5 Machi
Ufini kwisha. Nimerudi Ujerumani kimyakimya. Maneno hayatoshi, watu waone kwa macho! Rubani hodari hushuka akitokea upande wa jua, adui asimwone. Na nani hushuka hivyo hapa kwetu kila siku? Mwewe! Jioni nilikwenda ufukweni na dagaa wa omena kwenye ungo, nikageukia jua. Mwewe wakashuka kutoka kwenye mwanga, sikuwaona mpaka waliponifikia. Omena wakaisha, na kofia yangu ikaenda nao. Nilicheka peke yangu njia nzima. Dada yangu Jacinta ameuliza kama nina homa.

Ijumaa, 7 Machi
Umati! Nilijigamba kwanza, kama mtu aliyesimamisha muziki harusini ili ajisifu: mimi Obiero, mwana wa ziwa, tai wa Nyanza! Kisha nikamketisha Wechuli awe Mwingereza, uso upande ule wa jua la Jumatano, sahani ya ngege wa kukaanga mapajani. Nikamwambia amsubiri Mjerumani.

Sikuwa nimefikiria kwamba saa sita jua letu liko utosini. Mwewe hawakuwa na upande. Walikuja kikosi kizima, wakampita Wechuli, wakavamia karai la Dorca. "Wewe Obiero! Hiyo samaki ni ya customer!" Mmoja akapaa na ngege mkubwa. Dorca akarusha mwiko. Ukampata hewani! Samaki akaanguka, mwewe akayumba kuelekea ziwani, na Wechuli, mnafiki yule, akapaza sauti kwamba katika bunge hili ni mtu mmoja tu aliyewahi kuangusha adui angani. Wakambeba Dorca mpaka kwenye kiti. Hata mimi nilishangilia, kabla sijakumbuka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeligundua kosa: nilichagua mnyama asiye na nidhamu. Spika Dorca ametangaza hoja mpya, manahodha wa nyambizi, na mshindi atakuwa naibu wake. Sasa kuna kamongo hai, samaki wa matopeni, kwenye beseni la kufulia la Jacinta. Anazama, anaibuka kuvuta pumzi, anazama tena. Nyambizi kamili! Jacinta anasema kamongo huuma. Jacinta hajui lolote kuhusu vita. Nimemtekenya kamongo mdomo kidogo tu, na haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.