Kigiriki Katika Zizi la Tata

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimefika Gitothua. Tata Magdalene, dada ya baba, ameenda Kiganjo kumuuguza bintiye. Ameniachia ng'ombe wake wa pekee, na maziwa yake ndiyo yanayomlisha Tata. Urbanus jirani alijitolea kukamua. Nikakataa! Yeye ana mikono tu. Mimi nina kitabu cha maneno ya biolojia yenye asili ya Kigiriki. Tata akirudi ataniita daktari.

Jumanne, 4 Juni
Chuchu moja imevimba, ina joto. Maziwa yana mabonge. Sikubabaika. Mastos ni titi, itis ni uvimbe. Mastitis! Nimeipata kabla ya chai. Urbanus akanihimiza niite daktari wa ng'ombe. Wa nini? Angekuja kulitaja neno lile lile.

Jumatano, 5 Juni
Karani wa kituo cha maziwa ameyakataa yetu mbele ya watu. Nikamuuliza kama anajua mastos ni nini. Hajui! Watu wakacheka. Walimcheka yeye, nadhani. Ng'ombe hajagusa majani. Neno lipo: anoreksia. An ni bila, oreksis ni hamu. Siku njema kwa elimu.

Alhamisi, 6 Juni
Ng'ombe amelala, hainuki. Masikio baridi. Niliogopa sana. Nikapekua kitabu chote nikitafuta dawa. Hakuna hata moja. Urbanus akaja na daktari kwa pikipiki, bila kuniuliza. Daktari akataka kujua ugonjwa ulianza lini. Nikasema Jumanne, na nililijua jina lake siku ile ile. Akamdunga ng'ombe sindano.

Jumamosi, 8 Juni
Tata amerudi. Ng'ombe amesimama, lakini chuchu ile haitatoa maziwa tena. Tata akakamua tatu zilizobaki, machozi yakimtoka. Akasema, “Bedan, si ungenipigia tu simu uniambie ni mgonjwa?” Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari muda wote wa mahubiri. Kosa langu nimeliona: Tata aliniuliza, nami sikuwa na neno. Sasa ninalo. Nekrosisi! Nekros ni maiti: chuchu imekufa. Nimemweleza akinywa chai, polepole, mara mbili. Akainuka bila kumaliza kikombe, akampelekea Urbanus ndoo ya kukamulia na ufunguo wa zizi. Wamesimama uani kwake muda mrefu. Bila shaka anamfundisha neno hilo.